Siku Moja Mjini Pamoja na Watoto Wadogo

Mwezi wa saba ukifika, masomo hufungwa, na nyumba zetu za Lubumbashi hujaa watoto toka asubuhi hata jioni. Wakati huo ni katikati ya kiangazi, au kipwa kama tusemavyo huku Katanga. Mvua haikunyesha tangu mwezi wa tano, majani yamekauka, na vumbi latua juu ya meza hata ukiifuta mara tatu kwa siku. Usiku ni baridi, maana mji wetu uko juu, yapata meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kabla ya mapambazuko joto laweza kushuka chini ya digrii 10. Lakini saa sita mchana jua ni zuri, digrii 25 hivi, jua lisilochoma. Watu wa Ulaya hungoja mwaka mzima wapate siku kama hizo. Sisi twapewa bure miezi mizima, na wengi wetu twaipitisha tukiwafokea watoto waache kelele.

Wasomaji wapenzi, nataka kusema habari za kuwatoa watoto wadogo nyumbani na kuwapeleka mjini siku nzima. Sisemi habari za arusi, wala za matanga, wala za kumpeleka mtoto kwa mganga au kumnunulia viatu sokoni. Kwa mambo hayo sote twatoka. Nasema habari za siku isiyo na shughuli, siku ambayo mtoto akiuliza, “Tunakwenda kufanya nini?” baba hana jibu ila, “Tunakwenda kutembea.” Baba wengi hudhani siku ya namna hii ni ya matajiri wenye magari. Mimi naona sivyo, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa kwetu.

Kwanza mjue hali yangu. Kazi yangu iko Kolwezi, mbali na Lubumbashi yapata kilometa 300. Mke wangu na watoto wamebaki hapa kwa sababu nyumba ni yetu, na masomo ni mazuri. Mimi huja mwisho wa mwezi, nalala siku mbili au tatu, nachungulia paa, nalipa madeni, kisha narudi. Twajua kwamba baba wengi wa nchi hii wanaishi hivyo, wengine mbali kuliko mimi. Watoto wetu ni watatu: msichana wa miaka minane, mvulana anayekaribia mitano, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu.

Huyu wa katikati ana desturi ya kuniita “baba wa Kolwezi”. Mara ya kwanza watu wote nyumbani walicheka, nami nikacheka. Anafuatana siku zote na mjomba wake, ndugu mdogo wa mke wangu, kijana wa chuo kikuu anayekaa kwetu. Mjomba akioga, mtoto yuko mlangoni akimngoja. Mjomba akisoma, mtoto yuko chini ya meza. Simwonei mjomba wivu hata kidogo, ni kijana mwema, na bila yeye mke wangu angechoka mapema. Lakini mtu akiitwa baba wa mahali fulani, ni kama kwamba yuko baba mwingine wa mahali pengine.

Basi mwaka huo nilipata likizo ya juma zima. Mke wangu akaniambia, “Baba watoto, safari hii acha paa. Halivuji wakati wa kiangazi. Tutoke na watoto.”

Jioni ile yaya yangu mkubwa akapita kutusalimu, akasikia habari. Ni mtu wa heshima, na husema mambo waziwazi. “Mdogo wangu,” akasema, “pesa hizo zaweza kununua unga. Tena huyu mdogo atakumbuka nini? Na huyu mwingine? Mwaka ukiisha watakuwa wamesahau vyote.” Nilinyamaza kwanza, kama ipasavyo mbele ya mkubwa. Kisha nikamwambia kwamba anasema kweli. Mtu mzima hakumbuki karibu neno lolote la maisha yake kabla ya miaka mitatu, na yanayobaki kutoka mwaka wa nne au wa tano ni vipande tu. Lakini hakuna kati yetu anayeukumbuka uji aliolishwa na mama yake, na hakuna anayesema kwamba uji ule ulipotea. Yaya yangu akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa, na neno la unga likalala hapo kwa muda.

Ikabaki kazi ya kupanga. Mjomba alileta karatasi aliyoandika usiku. Ilikuwa na mahali saba: bustani ya wanyama, nyumba ya makumbusho, katedrali, stesheni ya reli, soko kubwa, kiwanja cha TP Mazembe kule Kamalondo, na ziwa la Kipopo nje ya mji. Ni karatasi njema kwa kijana wa miaka 22 mwenye miguu mirefu. Mke wangu aliisoma yote, kisha akauliza, “Mtoto wa mwaka mmoja na nusu atalala wapi katika safari hii?”

Swali hilo lilivunja karatasi nzima, na nawasihi akina baba waliulize kabla ya kutoka. Siku ya namna hii hupimwa kwa mguu wa aliye mdogo kupita wote. Yeye hulala mchana, hula mapema, na akichoka hajui kusema “nimechoka”, hujua kulia tu. Ukimsukuma apite nguvu zake, atalia. Akilia, mama atakosa raha. Mama akikosa raha, baba ataanza kusema kwa ukali, na wakubwa wawili watanyamaza kama watu waliokosa. Mahali saba patakuwa mateso saba. Basi tukachagua mahali pamoja pakubwa kwa asubuhi, ndipo bustani ya wanyama, na mahali padogo kwa mchana, ndipo nyumba ya makumbusho, tukipatana tangu nyumbani kwamba hapo pa pili tukipakosa, hakuna atakayenung’unika. Huu ndio mpango wote. Nimesikia watu wakisema kwamba mpango mfupi ni uvivu. Mimi naona kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza, maana kila mahali unapopafuta pana mtu aliyependa kwenda huko. Mjomba alinuna kidogo kwa ajili ya kiwanja cha Mazembe.

Hatukuchagua siku ya Mungu, kwa sababu baada ya Misa watu ni wengi kila mahali. Tulichagua siku ya katikati ya juma. Tena hatukutoka alfajiri. Wengi wetu tumezoea kwamba safari ni lazima ianze gizani, lakini kwa watoto wadogo wakati wa kiangazi ni kuwaamshia mafua bure. Tulingoja jua lipande, tukatoka saa tatu, wafanyakazi wakiwa wamekwisha kwenda, na basi ndogo zikiwa na nafasi za kukaa. Kila mtoto alivaa triko juu ya nguo nyepesi, ili avue mchana na kuvaa tena jioni. Mkubwa na wa katikati walitiwa mfukoni kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya mama yao. Mkubwa alisema yeye si mtoto mdogo wa kupotea. Tukamwambia karatasi ni kwa ajili yetu, sisi tukipotea, atupigie simu. Akakubali.

Chakula kilitoka nyumbani: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, karanga, ndizi, na maji yaliyochemshwa jana yake. Bukari hatukubeba. Bukari ya baridi ni huzuni, na mikono ya watoto haiishi kuoshwa. Mke wangu alitia kikapuni pia sabuni, kitambaa chenye maji, kitenge cha pili, na suruali mbili za akiba, nami sikuuliza ni za nani.

Sasa niwaeleze jambo lililotokea bustanini. Tulilipa mlangoni, tukaingia, na mbele yetu kulikuwa na njia, miti mikubwa na sauti za nyani. Mkubwa akakimbia mbele na mjomba. Yule wa katikati alikwenda hatua labda ishirini, akasimama. Katika njia kulikuwa na mstari wa sisimizi wakibeba mabaki ya mkate. Akachutama. Nilingoja. Mke wangu, mwenye mdogo mgongoni, alinitazama, akanionyesha kwa kidevu kwamba yeye atakwenda mbele na wengine. Nikabaki.

Mwishowe nami nikachutama, kwa sababu kusimama juu ya mtoto ni kama kumharakisha. Sisimizi wale walikuwa wakipita katika ufa wa saruji, kila mmoja na chembe yake, na wengine wakirudi mikono mitupu.

Akaniuliza, “Wanakwenda wapi?”

Nikamjibu, “Wanapeleka chakula nyumbani. Wanafanya kazi.”

“Kolwezi?”

“Hapana. Karibu zaidi.”

Akafikiri. “Watarudi jioni?”

“Watarudi jioni.”

“Wewe hurudi jioni,” akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kwamba sisimizi ni weusi. Nikamweleza kadiri nilivyoweza: kwamba njia ya Kolwezi ni ndefu, basi ya usiku haiwezi kunileta na kunirudisha kila siku, na kwamba viazi vilivyo kikapuni vimetoka huko, kwa namna fulani. Alisikiliza habari ya basi kuliko habari ya viazi. Akataka kujua basi ina magurudumu mangapi, na dereva hulala saa ngapi. Tulikaa pale yapata nusu saa. Watu walipita wakitutazama, baba mzima amechutama njiani na simba hajamwona.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu, tukilipa mlangoni, twataka pesa yetu ionekane. Twamvuta mtoto mkono: njoo uone mamba, njoo uone simba. Lakini mtoto wa miaka minne hajui bei ya mlango. Kwake mamba aliyelala bila kutikisika ni kama gogo, na kweli, mamba tuliyemwona baadaye hakufungua hata jicho moja. Sisimizi walikuwa wakienda. Tena karibu na hapo palikuwa na kichuguu, naye akataka kukipanda. Vichuguu vya Katanga ni mali ya watoto tangu zamani. Viko virefu kuliko nyumba, vingine vyafika meta 8. Nilimwambia kwamba udongo wake ni mzuri, ndio watu wanaotumia kufyatulia matofali, na kwamba mchwa waliujenga punje kwa punje kwa miaka mingi sana. Akapanda nusu, akateleza, akapanda tena.

Mkubwa yeye alipenda sokwe. Mjomba alikuwa amemsimulia kwamba mjini kwetu, tangu mwaka 2006, wako watu wanaolea sokwe yatima walionyang’anywa wafanya biashara. Sokwe mdogo hakamatwi ila mama yake ameuawa kwanza, maana hamwachi mtoto. Msichana aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na ni sheria iliyokatazwa, na watu wangali wakifanya hivyo. Baada ya hapo alimshika mdogo wake mkono muda mrefu, jambo ambalo si desturi yake. Kuhusu kitinda mimba sina mengi: alipenda majani makavu, kwa sababu yanalia yakikanyagwa.

Saa sita tukakaa chini ya mti. Hapa nina neno kwa akina baba. Mwanamke anayebeba kikapu, mtoto mgongoni, na fikira za suruali za akiba, huyo hakutoka kutembea. Amehamisha jiko tu kutoka nyumbani na kulileta bustanini. Siku hiyo mimi na mjomba tulimenya mayai, tukanawisha mikono, tukalisha. Mdogo alipakwa kiazi hata masikioni. Mama yao alinyosha miguu juu ya kitenge, akaegemea mti, akala polepole kama mgeni. Mwanamke mmoja aliyepita akamwambia, “Mama, una bahati.” Akajibu, “Ni ya leo.” Kisha mdogo akalala, na wa katikati, ambaye nyumbani hukataa kulala mchana, alilala pia, kichwa juu ya kiatu changu. Tuliwaacha. Saa nzima ilipita bila kufanya neno lolote, na naona ilikuwa saa nzuri kupita zote za likizo yangu.

Walipoamka wenyewe, tukakubali kujaribu nyumba ya makumbusho. Mkubwa ndiye aliyeitamani, kwa kuwa katika kalasi yake walifundishwa habari za shaba. Huko ziko zana za mawe za watu wa kale, vyungu vilivyotoka katika makaburi ya Sanga kwenye maziwa ya Upemba, na misalaba ya shaba ya Katanga. Mbele ya misalaba hiyo msichana aliuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, “Mbona Yesu hayupo?” Wageni wawili wakageuka. Nikamweleza kwamba misalaba hii haikuwa ya sala, ilikuwa pesa. Wazee wetu waliitengeneza kwa shaba karne nyingi kabla ya wamisionari kufika, na kwa hiyo waliweza kununua vitu na kutoa mahari. Mingine ni midogo kama ukucha, mingine ni mizito kubeba kwa mkono mmoja. Wa katikati akauliza kama msalaba mmoja wanunua biskuti. Mjomba akasema wanunua duka zima.

Tena nikawaambia jambo ambalo mimi mwenyewe nalipenda: kazi ya shaba ya wazee ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukisha kuvunwa na mvua kukoma, ndipo walipokwenda kuchimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa viriba na makaa mpaka shaba itiririke. Mtoto akasikia neno kichuguu, akaniangalia. “Kile changu?” Nikamwambia, udongo ni ule ule.

Tulikaa humo labda dakika 40. Vinyago hatukuviona, kwa sababu mdogo alianza kuvuta kamba iliyozuia watu, na mama yake akasema, “Sasa twende, wakali wazuri.” Hilo nalo ni jambo la akili: kuondoka wakati watoto wangali na furaha, bila kungoja kilio kitoe amri. Nje, kutoka mahali tulipongoja basi, tuliona bomba kubwa la moshi la Gécamines, lenye urefu wa meta 153, na kando yake ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba iliyoyeyushwa. Mkubwa alijua tarehe: shaba ya kwanza ya kiwanda hicho ilimiminwa siku ya 30 mwezi wa sita, mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kufika. Alinisomea tarehe hiyo kama sala, naye mjomba akamsifu.

Habari za pesa. Kabla ya kutoka tulimpa kila mmoja wa wakubwa wawili noti yake, tukawaambia: hii ni yako, ikiisha imeisha, wala hatutanunua kingine. Kwa hiyo hapakuwa na kilio mbele ya wachuuzi. Msichana alinunua shanga. Mvulana alibeba noti yake mkononi siku nzima hata ikalowa jasho, akanunua biskuti dakika ya mwisho, akampa mjomba moja, mimi moja, akazihesabu zilizobaki. Nilipomwonyesha yaya yangu hesabu, yaani nauli kwenda na kurudi, malango mawili, shanga na biskuti, haikufika bei ya mfuko wa unga. Akasema, “Hata hivyo.” Lakini juma lililofuata, mke wangu ameniambia, alimchukua mjukuu wake bustanini, wakarudi jioni sana na mtoto ana mafua.

Sisi tulikuwa nyumbani saa kumi na moja, kabla ya jua kuzama na baridi kurudi, na kabla basi hazijajaa watu wa kazi. Maji ya kuoga yalipashwa moto, watoto wakala mabaki ya viazi, na kabla ya saa mbili nyumba ilikuwa kimya.

Siku ya pili ya juma lililofuata nilirudi Kolwezi. Jioni nilipiga simu. Mke wangu akaniambia kwamba yule wa katikati amemsimulia kila mtu wa jirani habari za sisimizi, na za dereva wa basi ya Kolwezi anayelala mchana. Mamba hakumtaja. Kisha akapewa simu. Kwanza nilisikia anavyopumua tu, kama wafanyavyo watoto.

“Baba,” akauliza, “basi yako imefika?”

Nikamwambia imefika. Akataka kujua ina magurudumu mangapi, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwambia. Nikahesabu tena pamoja naye.